Thabeet Kabla ya Harden: Uamuzi wa Memphis Uhukumiwe Vipi?

Swali limetoka kwa msomaji wa Buruburu, linahusu NBA, ligi ya mpira wa kikapu ya Marekani, nami nimelifupisha kidogo:

"Kocha, habari za kazi. Kila Jumamosi kwa kinyozi tunabishana kuhusu drafti ya NBA ya 2009. Memphis Grizzlies walimchukua Hasheem Thabeet nafasi ya pili, wakamwacha James Harden aliyekwenda wa tatu na Stephen Curry aliyekwenda wa saba. Vijana wote wanasema ule ulikuwa ujinga mtupu. Binamu yangu, aliyekuja Nairobi kikazi kutoka Dar es Salaam, anasema tunamwonea Thabeet kwa sababu mwisho wa hadithi tunaujua. Nani ana haki? Na kuna njia gani ya kuhukumu uamuzi wa timu miaka ikishapita?"

Ndugu yangu, nianze na jibu lenyewe halafu nilieleze. Memphis walikosea, lakini si pale mnapopanyoshea kidole. Hakuna mwenye haki ya kudai kwamba mwezi Juni 2009 wangejua Harden angetajwa Mchezaji Bora wa Msimu mwaka 2018, au kwamba Curry angebadilisha namna dunia nzima inavyocheza mpira huu. Kosa lao lilikuwa la kawaida zaidi na, kwa macho yangu, zito zaidi. Walimchukua mtu ambaye hawakuwa na mahali pa kumweka wala subira ya kumfundisha. Hilo lilionekana usiku ule ule. Halikuhitaji miaka kumi ipite.

Kwa msomaji asiyefuatilia, drafti ninayoisema siyo ile ya vizibo vya soda. Kila Juni timu za NBA hupanga foleni na kuchagua vijana wapya kwa raundi mbili. Timu zilizofanya vibaya hutangulia, ila nafasi za juu kabisa hupangwa kwa bahati nasibu ili timu isipate sababu ya kushindwa makusudi. Hapa Nairobi tunaifuata usiku wa manane, na kufikia saa mbili asubuhi kila mtu ndani ya matatu ameshapata hukumu yake.

Wahenga walisema ningalijua huja kinyume. Ubaya wa ningalijua ni kwamba haiji peke yake. Huja imevaa sura ya "nilijua". Mwaka 1975 mwanasaikolojia Baruch Fischhoff aliwasomea watu kisa cha vita vya zamani kati ya Waingereza na Wagurkha. Kila kundi likaambiwa mwisho tofauti, na kila kundi likaona mwisho lililoambiwa ndio uliokuwa ukitarajiwa zaidi tangu mwanzo. Vijana wa kinyozini wako katika hali hiyo. Wameambiwa mwisho wa Thabeet, kisha wanaona kama uliandikwa kwenye paji la uso wake siku alipopanda jukwaani kuvaa kofia.

Nikumbushe jambo la nyumbani. Februari 2021 kule Yaoundé, Kenya Morans, timu yetu ya taifa ya kikapu, walikuwa wanacheza na Angola, waliokuwa mabingwa wa Afrika mara 11 wakati huo. Sekunde zikiwa zinaisha, Tylor Ongwae akachukua mtupo mgumu, ukaingia, tukashinda kwa pointi moja na kurudi AfroBasket, mashindano ya mataifa ya Afrika, baada ya miaka 28. Wengi wetu tulilia. Sasa fikiria mpira ule umegonga chuma na kutoka. Mkono ni ule ule, mlinzi ni yule yule, saa ni ile ile. Kesho yake tungeuliza kwa nini hakumpasia mwenzake. Uamuzi haukubadilika hata kidogo, kilichobadilika ni sentimita mbili za chuma. Anayeshindwa kutenganisha vitu hivyo viwili, uamuzi na matokeo, hataweza kuhukumu drafti.

Basi turudi Juni 2009 tukiwa tumefumba macho kwa yaliyofuata.

Memphis wametoka msimu wa ushindi 24 na vipigo 58. Fainali zimeisha chini ya wiki mbili zilizopita. Lakers wamewafunga Orlando, na Orlando wamefika huko juu ya mabega ya Dwight Howard, senta (mtu mrefu wa kucheza chini ya ubao) ambaye mwaka huo huo ametajwa mlinzi bora wa ligi. Lakers nao wana Pau Gasol na Andrew Bynum chini ya ubao. Imani ya wakati huo ni kwamba ubingwa hujengwa na mtu mrefu anayelinda kikapu. Mafuriko ya mitupo ya pointi tatu bado hayajaja, na atakayeyaleta ni Curry, kijana mwembamba wa chuo kidogo cha Davidson ambaye wengi wanahofia mwili wake.

Mezani kuna Mtanzania wa mita 2.21. Msimu wake wa mwisho pale chuo cha Connecticut ana wastani wa pointi 13.6, ribaundi (mipira anayoiokota mtupo ukikosa) 10.8 na mitupo 4.2 anayoizima kwa kila mchezo. Timu yake imefika nusu fainali ya vyuo vya Marekani. Katika ligi yao ya Big East ametajwa mchezaji bora kwa pamoja na mwenzake mmoja. Na kuna historia inayomsindikiza. Hakeem Olajuwon wa Lagos alianza kikapu akiwa na miaka kama 15, akachaguliwa wa kwanza mwaka 1984 na kuwaletea Houston mataji mawili, 1994 na 1995. Dikembe Mutombo wa Kongo alichaguliwa wa nne mwaka 1991 na akawa mmoja wa wazuiaji wakubwa wa zama zote. Thabeet naye alianza akiwa kijana mkubwa, Dar es Salaam. Aliyetazama picha hiyo akasema "huyu ni Mutombo mwingine" hakuwa mwendawazimu. Binamu yako amwambie hivyo yeyote anayecheka.

Sasa upande wa pili wa mizani, ambao pia ulikuwa wazi usiku ule.

Mechi ya kwanza iliyowapa watu wasiwasi ilichezwa Februari ya mwaka huo huo dhidi ya chuo cha Pittsburgh. DeJuan Blair, mfupi kwa Thabeet kwa kama sentimita 20, alifunga pointi 22 na kuokota ribaundi 23. Katika kugombania mpira mmoja alimzoa Thabeet mgongoni na kumbwaga sakafuni. Blair ndiye yule mwenzake waliyegawana tuzo ya Big East. Mechi moja haimhukumu mtu, na mimi huwakataza makocha wadogo kumkataa mtoto kwa siku moja mbaya. Lakini mechi ile iliuliza swali ambalo kila timu ilipaswa kulijibu kabla ya Juni: mapaja na kiuno cha kijana huyu vitastahimili vipi wanaume wa NBA, na nani atavijenga, kwa muda gani?

(Blair mwenyewe ni somo. Madaktari walikuta magoti yake hayana ile kano ya ndani ambayo wachezaji wengi huikata wakati wa kutua. Timu zikamkwepa hadi nafasi ya 37, San Antonio wakamchukua, akacheza nao misimu minne. Hofu ya madaktari ilikuwa halali, na San Antonio nao hawakukosea. Kwa nafasi ya 37 unaweza kubahatisha goti, kwa nafasi ya pili huwezi.)

Jambo la pili, na hapa ndipo ninapowashika Memphis, ni kwamba senta walikuwa naye. Marc Gasol alikuwa amemaliza msimu wake wa kwanza nao kwa wastani wa pointi 11.9 na ribaundi 7.4. Hakuwa nyota bado, lakini alikuwa kijana, anapasi, anasoma mchezo, na alikuwa wao. Mtu anaweza kujibu kwamba hata Harden hakuwa na mahali, kwa sababu O.J. Mayo alicheza nafasi hiyo hiyo na alikuwa ametoka kufunga wastani wa pointi 18.5 akiwa mgeni wa ligi. Ni kweli kabisa, na ndiyo maana siwezi kuwaita wajinga. Harden wa usiku ule alikuwa mchezaji bora wa ligi yake ya vyuo, Pac-10, lakini pia alikuwa amefifia Machi katika mashindano ya kitaifa, na watu walitilia shaka kasi yake. Ila kuna tofauti ambayo mtu yeyote aliyewahi kupanga wachezaji watano uwanjani anaifahamu. Gadi wawili (wachezaji wa nje wanaoongoza mpira) wanaofunga unaweza kuwachezesha pamoja, mmoja akaanza na mwingine akatoka benchi na mpira mkononi. Masenta wawili wasiotupa kutoka mbali wanagombania mita zile zile mbili za sakafu na dakika zile zile 48.

Ukimchukua senta ambaye bado anajifunza na ukamweka nyuma ya senta aliyeiva kidogo tu kumzidi, umeamua kwamba atajifunza akiwa ameketi. Hilo lingewezekana kama timu ingekuwa imejiandaa kungoja miaka mitatu au minne. Thabeet alipata dakika 13 kwa mchezo katika msimu wake wa kwanza, akatoa pointi 3.1 na ribaundi 3.6. Februari 2010 alipelekwa kwenye ligi ya maendeleo kuchezea Dakota Wizards, na hadi wakati huo hakuna aliyekuwa amechaguliwa juu kama yeye akashushwa huko. Februari 2011, mwaka mmoja na miezi minane tangu kuchaguliwa, alikuwa ameshauzwa Houston. Linganisha na hoja waliyomchagulia: huyu ni mti mchanga, utazaa baadaye. Anayepanda mwembe hamwiti mwenye panga mwaka wa pili.

Hapo ndipo naona jibu la swali lako la mwisho. Uamuzi wa drafti usiupime kwa kuuliza nani alikuja kuwa mkubwa. Uupime kwa sababu ambazo timu ilijipa, kisha uangalie kama timu yenyewe iliziheshimu sababu hizo kesho yake. Memphis walitoa sababu ya subira na wakafanya kazi kwa haraka. Hilo ni kosa hata kama Thabeet angekuja kuwa Mutombo kwingineko.

Nisieleweke kwamba ninamwondolea Thabeet sehemu yake. Alipita Houston, Portland na Oklahoma City na hakuna aliyempata yule mzuiaji wa Connecticut. Wachezaji wengine huchipua wakipandikizwa kwingine, yeye hakuchipua. Lakini swali lako lilikuwa kuhusu timu.

Sasa, mkisema "wangemchukua Harden," mnamchukua Harden yupi? Yule wa Houston mwenye ndevu anayefunga pointi 36 kwa mchezo? Huyo hakuwepo sokoni. Oklahoma City, waliomchukua wa tatu, walimchezesha akitokea benchi kwa misimu mitatu. Mwaka 2012 akatajwa mchezaji bora wa akiba wa ligi, na Oktoba ya mwaka huo huo wakamuuza Houston. Tafakari hilo. Timu iliyochagua sawasawa kabisa, iliyoona kile Memphis hawakukiona, ilimwachilia mtu huyo kabla hajawa yule mnayemtaja kwa kinyozi. Ukiwapa Oklahoma City alama zote 100 kwa Juni 2009, utawapa ngapi kwa Oktoba 2012?

Na Curry, je? Hapo watu wa kushikwa shati kwanza ni Minnesota. Walikuwa na nafasi ya tano na ya sita zikifuatana, wakachukua gadi wawili wa nafasi moja, Ricky Rubio na Jonny Flynn, na Curry akaenda Golden State wa saba. Bado nasema tahadhari. Msimu wa 2011–12 Curry alicheza michezo 26 tu kwa sababu ya kifundo cha mguu. Aliyekuwa amemkwepa kwa hofu ya mwili wake angeweza kujipongeza mwaka ule, na miaka mitatu baadaye angeficha uso. Hukumu inageuka kwa tarehe unayoitoa.

Kitu kingine mnachokosa kwenye mabishano yenu ni bei halisi ya nafasi ya pili. Mnaongea kana kwamba nafasi hiyo ni hundi ya nyota. Tazama muongo ule: 2000 Stromile Swift, 2001 Tyson Chandler, 2002 Jay Williams, 2003 Darko Milicic, 2004 Emeka Okafor, 2005 Marvin Williams, 2006 LaMarcus Aldridge, 2007 Kevin Durant, 2008 Michael Beasley, 2009 Thabeet. Majina kumi. Durant ni wa daraja lake peke yake. Aldridge alikuwa nyota wa miaka mingi. Chandler alichukua ubingwa na Dallas mwaka 2011 na tuzo ya mlinzi bora mwaka uliofuata, lakini alikuwa ameshapita mikononi mwa timu kadhaa. Jay Williams aliumia kwa ajali ya pikipiki baada ya msimu mmoja, na hakuna kocha wala daktari angeiona ile. Wengine walikuwa wachezaji wa kawaida au chini ya hapo. Kwa hiyo anayeshika nafasi ya pili ameshika tiketi nzuri, si mshahara. Thabeet yuko chini ya orodha hiyo, sikatai, ila hakuanguka kutoka kilele mnachokidhania.

Mfano ninaoupenda zaidi kwa kufundishia ni Portland, kwa sababu timu moja ilifanya makosa mawili yanayofanana kwa sura na kutofautiana kabisa kwa ndani.

Mwaka 1984 walikuwa na nafasi ya pili. Wakamchukua Sam Bowie, senta, na Chicago wakamchukua Michael Jordan wa tatu. Mwaka 2007 walikuwa na nafasi ya kwanza. Wakamchukua Greg Oden, senta, na Seattle wakamchukua Durant wa pili. Bowie alicheza michezo 139 katika miaka mitano ya Portland. Oden alicheza 82. Magoti na mifupa, mara zote mbili. Mtu wa kinyozi huyaweka yote kwenye gunia moja na kuandika "Portland hawajui kuchagua."

Lifungue gunia hilo. Oden alikuwa chaguo la karibu kila mtu mwaka 2007. Watu walibishana kuhusu Durant, ndiyo, lakini timu nyingi zingefanya kama Portland, na yale yaliyolipata goti lake yalikuja baada ya kuchaguliwa. Hiyo ni bahati mbaya, na mtu haadhibiwi kwa bahati mbaya. Bowie ni kesi nyingine. Chuoni Kentucky alikuwa amekosa misimu miwili mizima kwa sababu ya mfupa wa muundi uliopasuka. Jeraha lilijulikana. Portland walimpima kwa muda mrefu, wakaridhika. Miaka mingi baadaye Bowie mwenyewe alisimulia mbele ya kamera kwamba madaktari walipomgonga mguu aliwaambia hasikii kitu ilhali alikuwa anasikia maumivu. Kwa hiyo hata pale tunapodhani timu ilipuuza ushahidi, sehemu ya ushahidi ilifichwa na kijana aliyetaka kula mkate wake. Mimi simlaumu. Lakini pia siwaachii Portland moja kwa moja, maana aliyekosa misimu miwili kwa mguu mmoja tayari ameshakupa jibu ambalo nyundo ya daktari haiwezi kulifuta.

Na sababu yao ya kutomchukua Jordan? Walikuwa na Clyde Drexler, waliyemchagua wa 14 mwaka mmoja kabla, kijana wa nafasi hiyo hiyo. Walihitaji senta. Walipofika fainali 1990 na 1992 walifika na Drexler huyo. Unaona jinsi hoja ya mahitaji inavyokuja na kurudi: Portland walimkimbia Jordan kwa sababu nafasi imejaa, Memphis wakamkimbilia Thabeet ilhali nafasi imejaa. Sheria ya "chukua aliye bora, usijali nafasi" na sheria ya "chukua unachohitaji" zote mbili zimewahi kuua timu. Ninachoangalia ni kama timu ilijua inatumia ipi na kwa nini.

Hadithi ya Marc Gasol nayo imegeuzwa na muda. Februari 2008 Memphis walimtoa kaka yake, Pau, kwenda Lakers, na dunia nzima ikawacheka kwamba wameibiwa mchana kweupe. Ndani ya mzigo waliopokea kulikuwa na haki ya kumsajili Marc, aliyechaguliwa wa 48 mwaka 2007. Mwaka 2013 Marc akatajwa mlinzi bora wa ligi, na Memphis wakafika fainali ya kanda ya Magharibi. Vicheko vikageuka sifa. Je, uamuzi wa 2008 ulikuwa mzuri? Ulikuwa bora kuliko vicheko na hafifu kuliko sifa. Nani alijua kwamba wa 48 angefikia pale? Hata Nikola Jokić, aliyechaguliwa wa 41 mwaka 2014, Denver wenyewe walimpita kwanza. Usiku ule ule walijipatia Jusuf Nurkić, senta pia, na Gary Harris kabla ya kufika kwake. Tofauti na Memphis ni kwamba walimwacha Jokić acheze mwaka mwingine kwao Serbia, wakampa nafasi polepole, na walipoona masenta wawili hawakai pamoja wakamuuza Nurkić mwaka 2017. Hawakuwa na macho ya ajabu. Walikuwa na subira, na walikubali kujisahihisha.

Nina sababu ya kuwa mkali kwa jambo hili, na ni ya hapa hapa Nairobi. Nimechagua timu za vijana kwa miaka mingi, kwenye viwanja vya saruji vya Eastlands ambako nyavu ni anasa. Kabla ya kusoma majina huwa naandika kwenye daftari sababu ya kila chaguo, mistari miwili mitatu, na tarehe. Mwaka mmoja nilibaki na nafasi moja na vijana wawili. Mmoja alikuwa mrefu kuliko kila mtu uwanjani, mwingine alikuwa gadi mfupi aliyekuwa akifika wa kwanza na kuondoka wa mwisho. Nikamchukua mrefu. Baada ya misimu miwili aliacha mpira kabisa, na yule mfupi akawa anacheza ligi kuu kwa timu nyingine. Jirani zangu wa pembeni ya uwanja walinicheka kwa matokeo. Mimi niliumia nilipofungua daftari. Nilikuwa nimeandika: "Mrefu. Tunahitaji ribaundi." Basi. Hakukuwa na neno hata moja kuhusu nani atamfundisha kusogeza miguu, siku ngapi kwa wiki, wala mimi ningevumilia hadi lini. Hata kama kijana yule angekuja kuwa nyota, maneno yale matatu yalikuwa uamuzi mbovu. Nilimwita kwa urefu wake nikamwacha peke yake na urefu huo.

Afrika Mashariki tunafanya hivyo kila mwezi. Mtoto akifika mita mbili anavutwa kutoka darasani, anapewa viatu, anaambiwa atakuwa kama Thabeet, na asipofaulu haraka anaambiwa amekuwa kama Thabeet. Jina la mtu mmoja limekuwa ndoto na tusi kwa pamoja. Alikuwa Mtanzania wa kwanza kucheza NBA, akiwa ameanza mchezo akiwa kijana mkubwa, na akafika hadi nafasi ya pili ya drafti iliyokuwa na Harden na Curry ndani yake. Watoto wa hapa wanastahili kuisikia sehemu hiyo pia.

Kwa hiyo Jumamosi mkikutana, jaribuni hivi. Mtu asiruhusiwe kutaja chochote kilichotokea baada ya usiku wa drafti hadi amalize kueleza kilichojulikana usiku ule: mchezaji alionyesha nini, aliugua nini, timu ilikuwa na nani, wengine waliokuwa karibu mezani walikuwa kina nani. Aliye karibu ni yule wa tatu hadi wa saba au wa nane, siyo wa 41. Ikisha hapo, fungueni mlango wa pili: timu ilimfanyia nini? Na mwaka huu Juni, kabla ya kulala, kila mmoja aandike majina yake kumi na sababu zake, karatasi ibaki kwenye droo ya kinyozi kwa miaka mitatu. Nawaahidi sauti zitashuka.

Binamu yako mpe na hili, maana sidhani kama analo. Memphis walipomtoa Thabeet Februari 2011, pamoja na mchezaji mwingine na chaguo la baadaye la raundi ya kwanza, kikubwa walichopokea ni Shane Battier. Miezi miwili baadaye walikwenda San Antonio kwa mchezo wa kwanza wa mchujo. Katika historia yao yote walikuwa hawajawahi kushinda hata mechi moja ya mchujo, vipigo 12 mfululizo. Zikiwa zimebaki sekunde chache zaidi ya 20, Battier akatupa mpira wa pointi tatu, ukaingia, Memphis wakashinda 101 kwa 98, na baadaye wakaiondoa timu iliyoongoza kanda nzima. Asije tu akaitumia kusema kwamba kumchagua Thabeet kulikuwa uamuzi mzuri. Akifanya hivyo, atakuwa amekaa kiti kimoja na wale anaobishana nao.